Uvumi wa kufutwa safari za ndege: Mwenye begi la biashara aangalie wapi?

KILA ratiba za ndege zinapokaribia kubadilika, uvumi huanzia kwa mawakala wa tiketi kabla haujafika magazetini. Utasikia shirika fulani linaondoka. Utasikia safari ya kila siku sasa itakuwa mara tatu kwa wiki. Kisha anatokea mtu aliyepita uwanja wa ndege juma lililopita, anaapa kwamba ukumbi wa mapumziko wa abiria wa daraja la juu, ule ambao wengi wetu tunauita VIP, umefungwa kwa kufuli. Hapo habari inakuwa imekwisha: shirika linafilisika.

Habari ya namna hii ikifika Gisenyi, Busia, Mutukula au Namanga haibaki kuwa soga za kijiweni. Kuna mama aliyekwisha kulipia tiketi ya Dubai kwenda kuchukua nguo za sikukuu. Kuna kijana anayemaliza mkataba wake wa kazi Oman, na nauli ya kurudi ndiyo sehemu kubwa ya akiba yake. Kuna familia iliyoishi Ulaya miaka mingi, imeuza vyombo vya ndani na inarudi nyumbani na mabegi manane. Wote hawa wanauliza jambo moja: tusubiri, tubadilishe tiketi, au tudai fedha zetu?

Msimamo wa mwandishi wa makala haya ni kwamba uvumi mwingi unatazama dalili isiyo yenyewe. Ukumbi wa VIP si kipimo cha afya ya shirika la ndege. Na katika ukanda wetu huu wa Afrika Mashariki na Maziwa Makuu, safari zilizokatika kwa ghafla kuliko zote hazikukatwa na uhaba wa abiria. Zilikatwa na serikali.

Tuanze na huo ukumbi, maana ndio unaosemwa sana. Mashirika mengi ya ndege hayamiliki kumbi hizo kwenye viwanja vya nchi za nje. Yanalipa kampuni inayouendesha ukumbi kwa kila abiria anayeingia kunywa chai na kuoga. Kwa hiyo mlango ukifungwa, huenda mkataba umekwisha, huenda ukumbi unapakwa rangi, huenda shirika limehamishia wateja wake kwenye ukumbi wa shirika rafiki. Ni kweli kwamba shirika linalobana matumizi huanza na mambo kama hayo ya anasa. Lakini kubana matumizi na kufa ni vitu viwili tofauti.

Mfano mzuri uko Nairobi. Tarehe 7 Agosti, 2013 moto uliteketeza sehemu ya abiria wa kimataifa katika Uwanja wa Jomo Kenyatta. Abiria wakahudumiwa kwenye mahema. Hapakuwa na ukumbi wa kifahari wa kuzungumzia, lakini ndege ziliendelea kuruka. Mwaka uliofuata mambo yaling'aa: Kenya Airways ilipokea ndege mpya za Boeing 787, na uwanja ukapata jengo jipya la abiria. Aliyekuwa anapima shirika kwa mng'aro wa majengo angesema limepona. Hesabu za mwaka wa fedha ulioishia Machi 2015 zikaonyesha hasara ya Sh bilioni 25.7 za Kenya, na za mwaka uliofuata hasara ya Sh bilioni 26.2.

Dalili ya kweli ilikuwa kwenye ndege zenyewe. Katika kujinusuru, shirika hilo lilikodisha Boeing 777 zake kwa Turkish Airlines na 787 mbili kwa Oman Air. Mwaka 2016 likauza hata nafasi yake moja ya kutua Heathrow, London, kwa dola milioni 75. Shirika linapoanza kuzipeleka ndege zake zikafanye kazi kwa wengine, abiria hahitaji mtu wa kumwambia kwamba ratiba itapungua. Ndege isiyokuwepo haiwezi kuruka.

Jambo hilo limejirudia kwa sura nyingine katika miaka ya karibuni, kwa sababu ya uhaba wa injini na vipuri duniani kote. Mwishoni mwa 2022 Air Tanzania iliegesha baadhi ya Airbus A220 zake kwa matatizo ya injini, na ratiba ikayumba. Kenya Airways ilipata faida ya Sh bilioni 5.4 kwa mwaka 2024, faida ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Nusu ya kwanza ya 2025 ikarudi kwenye hasara ya Sh bilioni 12 na ushei, baada ya 787 tatu kati ya tisa kulala chini. Abiria walikuwepo, vyombo ndivyo vilivyokosekana.

Kwa mashirika madogo hesabu ni kali zaidi. Uganda Airlines, iliyofungwa mwaka 2001 na kufufuliwa Agosti 2019, iliunda upya kundi lake kwa ndege nne za CRJ900 kwa safari za jirani na Airbus A330 mbili kwa safari ndefu. Mwenye ndege nne akiegesha moja amepoteza robo ya uwezo wake. Mwenye mbili akiegesha moja amepoteza nusu. Hakuna haja ya njama wala kufilisika ili safari ya Jumanne ifutwe.

Kwa mfanyabiashara, kuna dalili ndogo inayopuuzwa: aina ya ndege iliyoandikwa kwenye tiketi. Ikibadilika kutoka ndege kubwa kwenda ndogo, safari haijafutwa, lakini tumbo la mizigo limepungua. Anayerudi na mabegi mawili ya kilo 23 kila moja anaweza kufika yeye, mabegi yakabaki kusubiri ndege ya kesho au ya keshokutwa. Nguo za sikukuu zikifika baada ya sikukuu, kilichobaki ni kuziuza kwa bei ya kutupa.

Sababu ya pili ya kukatwa kwa safari ni fedha, na hapa hatuzungumzii faida na hasara tu. Shirika la kigeni huuza tiketi kwa fedha ya nchi, lakini mafuta, kodi za ndege na vipuri hulipiwa kwa dola. Nchi ikikosa dola, mapato ya tiketi yanabaki benki yakioza. Hilo ndilo lililotokea Nigeria mwaka 2022, pale Emirates iliposimamisha safari zake kwa kushindwa kutoa fedha zake nchini humo. Haikurudi hadi Oktoba 2024. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 200, na ndege zilizokuwa zikijaa! Mfanyabiashara wa Bujumbura anayetafuta dola kwa bei ya mtaani anaielewa hesabu hii kuliko wachumi wengi. Dalili yake haiko uwanja wa ndege. Iko kwa wakala: tiketi za bei ya chini zinapoanza kutoweka kwa anayelipa kwa fedha ya nchi, au wakala anapoanza kudai dola tupu, shirika limekwisha kuingiwa na hofu.

Yapo pia mashirika yanayoondoka kwa sababu njia hailipi. British Airways iliacha kwenda Dar es Salaam mwaka 2013 na Entebbe mwaka 2015. Kuondoka kwake kulitangazwa mapema, watu wakapata muda wa kujipanga, na abiria wakachukuliwa na mashirika ya Ghuba, ya Uturuki na ya Ethiopia. Kwa mwenye biashara, kuondoka kwa namna hiyo kunauma lakini hakuui. Unaagwa kabla ya kuachwa.

Sasa tuje kwenye sababu ya tatu, ambayo haiagi mtu.

Wazee wanakumbuka mwaka 1977. Shirika la pamoja la East African Airways, lililokuwapo tangu 1946, lilisambaratika katika ugomvi wa madeni na nani anamiliki nini. Kenya ikaanzisha shirika lake, Tanzania likaanzishwa lake, Uganda nayo ikashika njia yake. Februari mwaka huohuo Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na haukufunguliwa hadi 1983. Ugomvi wa ndege ukawa ugomvi wa lori la vitunguu. Aliyekuwa na duka Namanga hakuwa amepanda ndege maishani mwake, lakini alilipa.

Tabia hiyo haikufa na karne. Mwishoni mwa Julai 2020, wakati wa ugonjwa wa Covid-19, Kenya ilitoa orodha ya nchi ambazo wasafiri wake hawatawekwa karantini, Tanzania haikuwemo. Mara moja Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ikafuta kibali cha Kenya Airways. Baadaye mwezi Agosti mashirika mengine matatu ya Kenya, AirKenya Express, Fly540 na Safarilink, yakafungiwa pia. Katikati ya Septemba Kenya ikaiingiza Tanzania kwenye orodha, na vibali vikarudi. Mwezi mmoja na nusu wa biashara ulikwenda na maji.

Januari 2024 mchezo ukachezwa tena. Tanzania ilikuwa imenunua ndege ya mizigo, Boeing 767, iliyofika Juni 2023. Ikataka itue Nairobi, ipakie mizigo na kuipeleka nchi ya tatu, kitu ambacho wataalamu wanakiita haki ya tano ya anga. Kenya ikakataa. Tarehe 15 Januari TCAA ikatangaza kwamba kuanzia tarehe 22 safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam zitasimama. Simu zikapigwa kati ya viongozi wa mambo ya nje wa nchi hizo mbili, Musalia Mudavadi na January Makamba, na ndani ya siku moja jambo likaisha. Hakuna ndege iliyosimama.

Hebu tulitazame tukio hilo kwa jicho la mwenye tiketi. Tarehe 15 jioni habari haikuwa uvumi, ilikuwa barua rasmi ya mamlaka ya serikali. Aliyekimbilia kwa wakala asubuhi kufuta safari yake alilipa faini kwa ajili ya tatizo ambalo kufikia jioni halikuwepo tena. Aliyetulia siku moja hakupoteza hata senti. Kwa upande mwingine, aliyetulia Agosti 2020 akitumaini simu mbili zitamaliza mambo alisubiri wiki sita. Tofauti ilikuwa wapi? Mwaka 2024 Kenya ilikuwa na kitu cha kutoa mara moja, yaani kibali cha ndege ya mizigo. Mwaka 2020 pande zote mbili zilikuwa zimejifunga kwenye suala la ugonjwa, na kulegeza kamba kungeonekana ni kukiri kosa mbele ya wananchi wao. Ugomvi wa kibali huisha haraka kuliko ugomvi wa heshima.

Ugomvi wa usalama huchukua muda mrefu zaidi, ingawa hata huo hutofautiana. Aprili 2024 wafanyakazi wawili wa Kenya Airways walikamatwa Kinshasa na idara ya ujasusi ya jeshi kwa madai ya nyaraka za mzigo. Tarehe 29 Aprili shirika likatangaza kusimamisha safari za Kinshasa. Wafanyakazi wakaachiwa, na Mei safari zikaanza tena. Lakini Goma ni habari nyingine. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliingia mjini, na uwanja wa ndege ukafungwa. Katikati ya Februari uwanja wa Kavumu, unaohudumia Bukavu, nao ukaangukia mikononi mwao. Mwezi huohuo Kinshasa ikafunga anga yake kwa ndege zilizosajiliwa Rwanda, na RwandAir ikalazimika kuzunguka katika safari zake za kwenda magharibi mwa Afrika na Ulaya. Ukitazama ramani utaona maana yake: Kongo imekaa kama ukuta magharibi mwa Kigali. Kuzunguka ni saa zaidi, na saa zaidi ni mafuta zaidi.

Kwa mkazi wa Goma aliyetaka kwenda Kinshasa, mji mkuu wa nchi yake mwenyewe, safari ikawa ya kuvuka mpaka kwa miguu pale Petite Barrière au kupita Uganda, kisha kupanda ndege ya nchi nyingine na kuunganisha Nairobi au Addis Ababa. Oktoba 30, 2025, katika mkutano wa Paris, Rais Emmanuel Macron wa Ufaransa alitangaza kwamba uwanja wa Goma ungefunguliwa kwa ndege za misaada. M23 wakapinga. Mfanyabiashara asisahau kwamba hata tangazo hilo lilihusu ndege za misaada, na ndege za misaada haziuzi tiketi.

Wakati mwingine uvumi huzaliwa na shirika lenyewe. Januari 2023 KLM ya Uholanzi ilitoa taarifa kwa abiria ikihusisha mabadiliko ya safari zake za Tanzania na machafuko ya kiraia. Nchi ilikuwa tulivu. Serikali, kupitia Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi wa wakati huo, Profesa Makame Mbarawa, ilikanusha vikali, na shirika likaomba radhi. Ndugu aliyekuwa Amsterdam na tiketi mkononi angemwamini nani siku ile, shirika lililomuuzia tiketi au shangazi yake aliyekuwa Kilimanjaro akipalilia migomba? Shangazi ndiye aliyekuwa sahihi.

Viongozi wetu walikwisha kukubaliana kwamba mambo yasiwe hivi. Azimio la Yamoussoukro la kufungua anga ya Afrika ni la mwaka 1999. Soko la pamoja la anga la Umoja wa Afrika lilizinduliwa Addis Ababa Januari 2018, Kenya na Rwanda zikiwa miongoni mwa nchi 23 za mwanzo na Tanzania ikiwa nje. Kwenye karatasi, mambo ni mazuri. Lakini nchi nyingi zina mashirika yao ya taifa yanayoishi kwa fedha za walipa kodi, na kila waziri anajua kwamba kibali cha jirani ndicho fimbo iliyo karibu na mkono wake. Mpaka wa ardhini unajua lugha hiyo vizuri. Gatuna ilifungwa Februari 2019 na kufunguliwa Januari 2022. Burundi ilifunga tena mpaka wake na Rwanda Januari 2024. Ni mkono uleule.

Basi mwenye tiketi afanye nini anaposikia uvumi?

La kwanza, asifute yeye. Kwa kawaida abiria akiifuta safari mwenyewe analipa faini, na kwa tiketi za bei ya chini anaweza kupoteza zote. Shirika likiifuta, linadaiwa kumrudishia fedha zake au kumtafutia ndege nyingine. Wapo mawakala wanaoukuza uvumi kwa sababu kila mabadiliko ya tiketi yana kamisheni yake. Hatusemi wote, lakini wapo.

Subira hiyo ina mpaka wake. Kama uvumi unahusu shirika kufa kabisa, si kupunguza safari, mambo yanageuka. Shirika likifungwa, mwenye tiketi anakuwa mdai kama wadai wengine, na foleni ya wadai huanza na mabenki na wenye ndege za kukodi. Hapo aliyelipa kwa kadi ya benki anaweza kuiomba benki yake ipinge malipo. Aliyempa wakala fedha taslimu bila stakabadhi ana maneno tu.

Linalowaumiza wengi zaidi ni tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali: Entebbe hadi Dubai kwa shirika moja, Dubai hadi Guangzhou kwa jingine, kwa sababu kwa pamoja zilikuwa nafuu. Ya kwanza ikisogezwa siku moja, ya pili inakufa, na shirika la kwanza halihusiki. Katika msimu wa uvumi, unafuu huo haufai. Inunuliwe tiketi moja yenye safari zote, ili aliyekuvurugia ndiye abebe mzigo wa kukufikisha.

Halafu kuna kalenda, ambayo watu wa mashirika wanaifahamu na abiria wengi hawaifahamu. Ratiba za ndege duniani hubadilika mara mbili kwa mwaka: Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mashirika huuza tiketi miezi mingi mbele. Yakitaka kuacha njia au kupunguza safari kwa sababu za kibiashara, mara nyingi hufanya hivyo kwenye mipaka hiyo ya msimu. Kwa hiyo mwenye wasiwasi aende kwa wakala, au atumie simu yake, ajaribu kutafuta tiketi ya njia hiyohiyo kwa tarehe ya baada ya Jumapili hiyo. Akizikuta zinauzwa kama kawaida, siku zilezile na ndege ileile, uvumi huo una miguu mifupi. Akikuta siku saba zimekuwa tatu, au hakuna kabisa hadi mwezi wa tatu, hana haja ya kuuliza kama VIP imefungwa.

Mama mwenye tiketi ya Dubai, basi, atazame kwanza tarehe yake ya kurudi. Kama anarudi kabla ya Jumapili ya mwisho ya Oktoba na serikali hazijaanza kuandikiana barua, aende akachukue nguo zake. Kama anarudi baada ya hapo, na siku yake imetoweka kwenye ratiba, aombe sasa hivi kuhamishiwa siku iliyobaki, kwa maandishi, kabla wenzake wa Kariakoo, Gikomba na Owino hawajazijaza nafasi hizo.